Skrini ya Aqua ikijibonyeza yenyewe, usikimbilie betri kubwa

Dereva mmoja wa teksi kutoka Kayole aliniletea Toyota Aqua yake hapa Kirinyaga Road, Nairobi, kule wengi bado tunakuita Grogan. Akiwa Jogoo Road na abiria, sauti ya redio inapanda yenyewe, ramani inafunguka, stesheni zinaruka, halafu kila kitu kinatulia. Mahali fulani alikuwa ameambiwa kwamba betri kubwa ya haibridi, yaani gari la petroli na umeme, ndiyo inayokufa, na alikuwa ameanza kutafuta mkopo. Iliniuma, kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa kwenye kioo chembamba kilichobandikwa juu ya skrini.

Nilitengeneza televisheni Luthuli Avenue miaka mingi kabla ya kuhamia magari, na jambo la kwanza ninalomwambia kila mwenye gari ni kwamba skrini ina tabaka. Juu kuna kioo cha kugusa, chini yake paneli ya picha, nyuma yake taa, na mwisho bodi yenye nyaya. Tafuta kwanza tabaka lipi linaumwa. Picha ikiwa safi lakini kidole hakisikiki, au kinasikika mahali pengine, shuku kioo cha kugusa. Skrini ikiwa nyeusi lakini redio inalia, mulika tochi kwa upande gizani; ukiona picha hafifu, taa ya nyuma imekufa. Kama hakuna picha wala sauti, angalia fyuzi na plagi kabla ya kufungua chochote.

Hata kabla ya hapo, pima betri ndogo ya volti 12. Haibridi haina altaneta, ile mashine ya kuchaji inayozungushwa na injini; betri hiyo huchajiwa kutoka kwenye mfumo wa umeme mkubwa, na ikichoka skrini huzimika na kuwaka ovyo. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Ikisoma chini ya 12.2, ichaji au uibadilishe kwanza. Kwenye Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, na betri kubwa ya volti 144 iko hapo hapo chini ya kiti. Nyaya za rangi ya machungwa usiziguse kabisa. Kazi ya skrini haikupeleki huko.

Sasa kufungua. Zima gari hadi neno READY kwenye dashibodi lipotee, kisha ufunguo uuweke mbali. Haibridi inaweza kuwa kimya na bado iko tayari kuondoka, na hilo limewaponza mafundi. Kabla ya kutoa waya wa hasi wa betri ndogo, piga picha ya skrini na ujue kama una kadi ya kumbukumbu yenye ramani, maana baadhi ya redio zilizotoka Japani zikikatiwa umeme hujifunga na kudai nambari ya siri. Nimeona watu wakilia kwa hilo kuliko kwa kioo chenyewe. Ukishatoa waya, ngoja dakika mbili. Plagi za manjano ndani ya dashibodi ni za mifuko ya hewa.

Fremu ya plastiki ina klipu. Itoe kwa kipande cha plastiki, usitumie bisibisi, na uifungue mchana gari likiwa limepata joto kidogo. Asubuhi ya baridi ya Julai klipu huvunjika kama biskuti. Kisha fungua boliti za redio kwa spana ya 10, uivute taratibu, upige picha ya kila plagi kabla ya kuichomoa.

Bonyeza skrini kwa ukucha. Ikiitikia ukucha, ni aina inayosikia mkandamizo, yenye utepe wa nyaya nne, na hiyo inapimika kwa multimita. Nyaya huenda jozi mbili. Kila jozi isome omu mia kadhaa. Kati ya jozi moja na nyingine, bila mtu kugusa kioo, isisome kitu. Ya yule dereva ilisoma muda wote, maana tabaka mbili zilikuwa zimeshikana: jua la maegesho lilikuwa limelegeza gundi, na dawa ya kung'arisha dashibodi inayopulizwa kwenye karwashi ikapenya ukingoni. Nawasihi wenye magari: pulizeni kwenye kitambaa, si kwenye skrini.

Kioo kipya nunua ukiwa umebeba cha zamani mkononi. Inchi 7 pekee haitoshi. Pima ukingo hadi ukingo kwa milimita, na uangalie utepe unatokea upande gani. Cha huyu kilikuwa 165 kwa 100, na muuzaji wa kwanza Luthuli alinipa chenye utepe upande wa kushoto, nikarudi.

Kutoa cha zamani kunataka subira. Pasha kingo kwa mashine ya kukausha nywele, ingiza ile kadi ya plastiki inayokuja na laini ya simu, uizungushe polepole. Ukikandamiza katikati unavunja paneli ya picha, na hapo gharama inapanda mara kadhaa. Futa gundi kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, funga mlango vumbi lisiingie, ubandike kipya kwa selotepu nyembamba ya pande mbili.

Kabla ya kurudisha boliti, unganisha plagi zote, rudisha waya wa betri, washa. Gusa pembe nne na katikati. Ukigusa kushoto halafu kulia ndiko kukajibu, jozi moja ya nyaya imegeuzwa, igeuze. Ikikosea kidogo tu, tafuta menyu ya kurekebisha mguso. Ingiza rivasi uone kamera ya nyuma inaonyesha. Yule dereva nilimwacha akae dakika 20 juani, redio ikiwa inaning'inia kwa nyaya zake, tukitazama kama sauti itapanda yenyewe. Haikupanda, ndipo nikafunga klipu.