Namna ya Kumsaidia Mnywaji wa Kila Siku Kuacha Pombe kwa Kuzingatia Vipokezi vya Ubongo

Kabla ya kumshauri mtu aache pombe, iangalie kwanza asubuhi yake. Anayeamka mikono ikitetemeka hata chai inamwagika, na hatulii mpaka azimue, ubongo wake umekwisha kuizoea pombe, na kumkatia ghafla nyumbani kunaweza kumuua.

Chanzo ni vipokezi, yaani protini za seli za neva zinazopokea ujumbe wa kemikali. Pombe huvipa nguvu vipokezi vya GABA, vinavyotuliza ubongo, na huvizuia vya NMDA, vinavyouchangamsha. Miaka ikipita ubongo hujirekebisha: utulivu wake wa asili hupungua na uchangamfu huzidi. Pombe ikikosekana, uchangamfu huo hubaki bila breki, ndipo huja jasho, degedege, hasa katika saa 48 za kwanza, na kwa wengine kuweweseka na kuona visivyokuwepo siku ya pili hadi ya nne. Kwa hiyo mpeleke hospitali kabla hajaacha, ukamweleze daktari bila kuona haya anakunywa kiasi gani, alikunywa mara ya mwisho saa ngapi na kama aliwahi kupata degedege. Aghalabu atapewa diazepamu, inayofanya kazi kwenye vipokezi vilevile vya GABA na kupunguzwa hatua kwa hatua, pamoja na vitamini B1.

Mwili ukitulia, hamu bado ipo. Pombe huufanya ubongo utoe endofini, kemikali za mwili zinazofanana na mofini, ambazo hushika vipokezi vya opioidi na kuongeza dopamini, kemikali inayompa mtu raha ya kutaka tena. Hapo daktari anaweza kuandika naltreksoni, iliyoidhinishwa Marekani kwa uraibu wa pombe mwaka 1994. Kwa kawaida ni miligramu 50 kwa siku. Dawa hii huviziba vipokezi hivyo, kwa hiyo raha ya kinywaji hupungua, ingawa mtu hulewa kama kawaida na hafai kushika usukani. Haimtapishi anayekunywa, tofauti na disulfiramu, ambayo familia zilizochoka hushawishika kuitia kwenye chakula kwa siri. Jambo hilo ni la hatari na halifai kabisa.

Kabla ya kidonge cha kwanza, ini lipimwe, naye aulizwe faraghani kama anatumia tramadoli, kodeini, mofini, heroini au methadoni, ambazo zote ni opioidi zinazoshika vipokezi hivyohivyo. Akiwa nazo mwilini, naltreksoni itamtia arosto kali papo hapo. Lazima akae mbali nazo siku 7 hadi 10, na kwa methadoni zaidi ya hapo.