Ukiachiwa darasa la pili la mwenzako

Nimeshika madarasa ya walimu wenzangu hapa Ujiji kwa miaka sita: huyu kajifungua, yule kaenda semina. Mdogo wangu unayeanza kujitolea, nakuandikia nilivyojifunza.

Usiingie mikono mitupu. Jioni ya kuamkia siku hiyo mpigie simu mwalimu wa darasa, umuulize wameishia wapi, nani ana shida ya macho au masikio, na nani kafiwa au anauguliwa nyumbani. Andalio la somo utalipata ofisini, lakini hayo hayaandikwi humo.

Dakika kumi za kwanza watakupima. Wataitikia "Shikamoo mwalimu" kwa pamoja, kisha nyuma kule dirishani mmoja ataanza kutwanga chaki. Usipaze sauti. Ukipaza, watoto themanini wanapaza kukuzidi, na kabla ya saa nne koo limekauka. Mimi hupiga makofi matatu, wao hujibu mawili, halafu naongea chini chini mpaka wa mbele wanawanyamazisha wa nyuma. Mtwanga chaki namwita anisaidie kuhesabu vizibo vya soda.

Kosa lililoniuma ni kumwachia kiranja karatasi aandike wapiga kelele. Niliporudi nikakuta majina kumi na manne, na binti mmoja kainamia dawati analia bila sauti. Kisa? Alimnyima kiranja kipande cha muhogo wakati wa mapumziko. Niliichana ile karatasi mbele yao. Kiranja mpe kazi ya kugawa madaftari, inamtosha.

Fimbo usiiguse kabisa. Kanuni za viboko shuleni za mwaka 2002 zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, tena viboko visizidi vinne na viandikwe kitabuni. Wewe wa kujitolea humo haumo. Na mtoto anayekuogopa hatakwambia kwamba hesabu za kutoa hajazielewa.

Ruhusa ya chooni inavuruga darasa kuliko kitu chochote: akiomba mmoja, kumi wananyoosha mikono. Nina jiwe laini nililookota ziwani, nakaa nalo mezani. Anayetoka analichukua, akilirudisha ndipo anatoka mwingine. Aliyebanwa kweli utamwona usoni, huyo mwache aende bila jiwe.

Kipindi ni dakika 30. Kwenye hesabu, anza kwa mdomo, kisha vizibo, daftari liwe mwisho. Beba penseli za ziada na kichongeo, maana utakuta dawati la watoto watatu wanagawana penseli moja iliyokatwa vipande. Mvua ikianza kupiga bati usishindane nayo. Andika maswali ubaoni, pita kati ya madawati ukisahihisha.

Kuna watoto ambao nyumbani ni Kiha mwanzo mwisho. Aliyekaa kimya usimwite mzito. Mwambie aeleze kwa Kiha, jirani yake akutafsirie. Utashangaa jibu alikuwa nalo.

Kabla hujaondoka, muachie mwenye darasa karatasi ndani ya daftari la mahudhurio. Yangu ya wiki iliyopita ilisema: "Kutoa, tumeishia swali la tano. Wanne hawajaja. Wa dawati la tatu dirishani haoni ubao, nimemhamishia mbele. Tafadhali usimrudishe."