Jinsi ya kuokoa nembo ya Magnetic Video kutoka kwenye kanda ya VHS

Magnetic Video, kampuni ya Michigan nchini Marekani, ndiyo iliyopata leseni ya filamu 50 za 20th Century Fox mwaka 1977 na kuziuza kwenye kanda za Betamax na VHS. Fox waliinunua mwaka 1979, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 jina lake likaondolewa. Ukiitaka nembo yake, yaani kipande kifupi cha video chenye jina la kampuni kinachotangulia filamu, tafuta toleo la awali. Kanda ya baadaye ya filamu ileile inaweza kubeba nembo nyingine kabisa. Tena nembo imekaa pabaya: mwanzo wa utepe, panapochakaa kuliko kwingine kote.

1. Kagua kanda

Chungulia kwenye kidirisha. Unga mweupe juu ya utepe ni ukungu, na kanda ya namna hiyo usiitie kwenye deki (mashine ya kuchezea kanda), maana ukungu utahamia kwenye vichwa vinavyosoma utepe na kuambukiza kanda nyingine. Ikiwa safi, ipeleke hadi mwisho kisha uirudishe mwanzo, utepe ujikaze sawasawa.

2. Tafuta deki inayofaa

Kanda hizi ni za NTSC, mfumo wa video wa Marekani: mistari 525, fremu 29.97 kwa sekunde. Deki nyingi za Afrika Mashariki ni za PAL, mfumo tofauti. Hata zile zinazokubali kucheza NTSC mara nyingi hutoa mawimbi ya mseto. Televisheni huyavumilia, lakini kifaa cha kunasia kwenye kompyuta kinaweza kupoteza rangi. Pata deki inayotoa NTSC halisi, na kama ina tundu la S-Video, linalopitisha mwangaza na rangi kando kando, tumia hilo.

3. Tuliza picha kabla ya kunasa

Hapa ndipo wengi huipoteza nembo. Deki inayojirekebisha yenyewe huhitaji sekunde kadhaa kuushika utepe vizuri, na kufikia hapo nembo imeshapita. Icheze hadi ndani ya filamu, ngoja picha itulie, kisha rudisha mwanzo bila kuitoa kanda. Deki nyingi hushikilia marekebisho hayo mpaka kanda itoke. Usiigandishe picha ili kuitazama: vichwa huzunguka mara 1,800 kwa dakika, vikisugua palepale.

4. Nasa

Anza kurekodi kwenye VirtualDub, programu ya kunasia video kwenye kompyuta, kabla ya kubonyeza kitufe cha kucheza. Tumia ukubwa wa 720×480 na HuffYUV, njia ya kubana video ambayo haipotezi chochote. Chagua sauti ya kawaida, kwani VHS Hi-Fi, sauti bora ya stereo, ilikuja baadaye. Nasa mara tatu au zaidi: cheche inayotokea mara moja tu unaweza kuifuta kwa AviSynth, programu ya kuhariri video kwa maandishi, ukichukua thamani ya kati ya kila nukta. Doa linalorudi palepale kila mara liko kwenye utepe wenyewe.

5. Tengeneza nakala ya kutazama

Nembo nyingi za miaka ile zilizaliwa kwenye video yenyewe, kwa mashine kama Scanimate, kompyuta ya analogi ya kuchezesha michoro, si kwenye filamu ya picha 24 kwa sekunde. Kila fremu hubeba nusu-picha mbili za nyakati mbili tofauti, yaani karibu hatua 60 za mwendo kwa sekunde. Ukizibana kuwa 30 umetupa nusu ya kazi ya msanii, na inaniuma kila ninapoona nembo adimu imefanyiwa hivyo. Kwenye FFmpeg, programu ya kubadilisha video kwa amri, andika hivi ili kila nusu-picha iwe fremu yake:

`-vf bwdif=mode=send_field,setdar=4/3`

Mwendo ukienda mbele na kurudi nyuma kwa mtetemo, mpangilio wa nusu-picha umegeuka; ongeza `:parity=bff` au `:parity=tff` baada ya `send_field`. Faili la HuffYUV libakie kama lilivyonaswa.