Kushuka Danube na Wenzako: Passau hadi Budapest

Danube una urefu wa kilomita 2,850 hivi, lakini kipande kinachomfaa mtu anayesafiri na wenzake kwa wiki moja ni kile cha Passau, mpakani mwa Ujerumani na Austria, hadi Budapest. Ni karibu kilomita 580. Mnashuka na maji kupitia Linz, bonde la Wachau, Vienna na Bratislava, nchi nne kwa jumla, na begi linafunguliwa mara moja tu. Maelezo haya ni ya kundi la watu wanne hadi kumi na wawili wanaotoka Afrika Mashariki: ndugu, marafiki wa kazini, au chama kilichoweka akiba kwa ajili ya safari.

Shikeni hili kabla ya yote: mwenye ratiba ni mto. Kampuni huandika saa na bandari, kisha maji hupanda au hupungua, na saa na bandari hubadilika. Karibu kila ushauri unaofuata unatokana na hilo.

Msimu na maji

Mei hadi katikati ya Juni, na Septemba, ndiyo miezi mizuri kwa hali ya hewa. Julai na Agosti kuna joto na misongamano. Mwishoni mwa Novemba hadi kabla ya Krismasi meli hufuata masoko ya Krismasi. Taa zinapendeza, lakini giza huingia kama saa kumi na nusu jioni na sitaha ya juu haikaliki kwa baridi.

Maji huharibu safari kwa njia mbili. Theluji ya milima ya Alps ikiyeyuka na mvua zikaungana nayo, mto hujaa na meli haiwezi kupita chini ya madaraja. Mwezi Juni 2013 Passau yenyewe ilizama, na Septemba 2024 mafuriko ya Austria yalisimamisha meli. Upande wa pili ni ukame wa mwisho wa kiangazi, kama ule wa 2018 na 2022, ambapo meli hugusa chini. Sehemu sugu zaidi ni kati ya Straubing na Vilshofen, huko Bavaria, ambako mto haujajengewa mabwawa ya kuinua kina. Ndiyo maana tunashauri kuanzia Passau, chini ya sehemu hiyo, badala ya Nuremberg au Regensburg. Wachau na kipande cha mashariki ya Vienna navyo havina mabwawa, kwa hiyo hatari haiishi kabisa, lakini inapungua sana.

Meli ikikwama, kampuni huchukua hatua moja kati ya mbili: kuwapakia kwenye basi hadi meli yao nyingine iliyo ng'ambo ya pale palipokwama, au kuigeuza meli kuwa hoteli iliyofungwa gatini huku mabasi yakiwapeleka mijini. Mikataba mingi inaruhusu yote mawili bila kurudishiwa fedha. Kabla ya kulipa, someni kipengele cha mabadiliko ya njia, na muulize kampuni ya bima kwa maandishi kama inalipa maji yakizuia meli. Bima nyingi za kawaida hazilipi.

Meli na chumba

Meli za njia hii zina urefu usiozidi mita 135 na upana wa mita 11.4 hivi, kwa sababu milango ya mfereji unaounganisha Rhine, Main na Danube, uliokamilika 1992, ina upana wa mita 12. Upana ukiwa na kikomo hicho, vyumba ni vidogo hata kwenye meli ya bei kubwa. Abiria ni kama 130 hadi 190.

Sitaha ya chini ina vyumba vya bei nafuu vyenye dirisha dogo karibu na usawa wa maji, na haliwezi kufunguliwa. Sitaha za kati na juu zina mlango wa kioo unaoteleza wenye reli nje yake, unaoitwa roshani ya Kifaransa: hakuna pa kuweka kiti, unapata hewa tu. Mtu asiyekaa chumbani ila kulala hana sababu ya kulipia zaidi ya sitaha ya kati. Kelele ndizo za kuchunga. Injini ziko tezini, yaani nyuma, na omoni, yaani mbele, kuna mtambo wa kusukuma pua ya meli ubavuni, nao hunguruma kila meli inapofunga gati, hata usiku wa manane. Ombeni vyumba vya katikati.

Mwenye kulala peke yake hulipa nyongeza, ambayo mara nyingine hufikia bei kamili ya kitanda cha pili. Kundi likiwa la idadi witiri, kubalianeni mapema nani analipa hiyo nyongeza: mwenyewe, au kundi zima. Hapa ndipo urafiki mwingi huanza kuingia doa. Ulizeni pia kama kuna punguzo la kundi na linaanzia watu wangapi.

Mkilinganisha bei, wekeni mezani mambo manne: matembezi ya mijini yamo au yanalipiwa kando? Vinywaji je? Ada za bandari? Bakshishi? Kampuni nyingi hupendekeza bakshishi ya euro 10 hadi 15 kwa mtu kwa siku, nayo kwa wiki ni fedha ya kuhesabiwa. Meli iliyoonekana rahisi inaweza kuipita ile ya ghali baada ya kujumlisha hayo.

Swali moja la ratiba lina uzito kuliko yote: meli inapita Wachau saa ngapi? Baadhi hupita usiku, nanyi hamtaliona bonde. Ikiwa ni hivyo, tafuteni meli nyingine.

Viza

Ujerumani, Austria, Slovakia na Hungaria zote zimo katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya lenye viza ya pamoja, hivyo Mtanzania, Mkenya au Mganda anahitaji viza moja tu. Inaombwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, nchi mtakayoingia kwanza. Kwa njia hii mara nyingi ni Austria, lakini mkilala Budapest siku tatu baada ya meli, hesabu inaweza kugeuka. Hesabuni usiku mmoja mmoja kabla ya kupanga foleni.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya kuondoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 au zaidi. Iombeni kampuni ya meli barua yenye jina la kila msafiri, tarehe, bandari na malipo. Hiyo ndiyo huthibitisha malazi.

Kila mtu hupimwa peke yake hata mkienda pamoja. Msikusanye fedha za kundi kwenye akaunti ya mwombaji mmoja wiki moja kabla ya kutoa taarifa ya benki: fedha nyingi zilizoingia ghafla bila maelezo huleta mashaka. Na kwa kuwa inawezekana mmoja akanyimwa na tisa wakapewa, jueni mapema tarehe ya mwisho ya kughairi na kiasi kinachopotea, kisha mwandikiane nani anabeba hasara ya nafasi iliyobaki.

Wanaotaka kuendelea hadi Belgrade wakumbuke kuwa Serbia haimo Schengen. Mkitoka hapo kuingia Romania au Bulgaria mnaingia Schengen upya, kwa hiyo viza iwe ya kuingia mara nyingi.

Fedha, simu na vifaa

Mchagueni mweka hazina mmoja, na kila mtu atoe kiasi kilekile mwanzoni kwa ajili ya teksi, tiketi za tramu na vyakula vya nje. Zikiisha, mnachanga tena. Kudaiana baada ya kila kahawa kunachosha. Ndani ya meli, vinywaji na huduma huandikwa kwenye namba ya chumba, basi asiwepo wa kusema "iandike kwangu, tutahesabiana".

Euro inatumika kote isipokuwa Hungaria, wanakotumia forint. Mashine ya kadi ikiuliza kama utozwe kwa shilingi au kwa forint, chagua forint. Ukichagua fedha ya kwenu, mwenye mashine hujipangia kiwango chake. Laini ya data iliyonunuliwa nchi moja ya Umoja wa Ulaya kwa kawaida hufanya kazi nchi zote nne, na intaneti ya meli hulegea kwenye mabonde.

Umeme ni volti 230 kama nyumbani, ila soketi ni za pini mbili za duara. Plagi zetu za pini tatu hazitaingia: adapta moja kwa kila chumba, na kamba moja yenye soketi kadhaa. Meli za mtoni kwa kawaida hazina daktari, kwa hiyo dawa za presha na sukari ziwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na karatasi ya daktari. Kichefuchefu cha bahari hakipo. Mto ni shwari.

Kufika Passau

Nunueni tiketi ya ndege ya kuingia Munich na kutoka Budapest. Fikeni siku moja kabla, kwa sababu ndege ikichelewa meli haingoji. Kutoka uwanja wa ndege wa Munich kuna treni ya mkoa hadi Landshut, mnabadilisha, kisha Passau. Kundi linafaidika na Bayern-Ticket: tiketi moja hubeba hadi watu watano kutwa nzima kwenye treni za mkoa. Siku za kazi huanza kutumika saa tatu asubuhi, haifai kwenye treni za kasi za ICE, na majina ya wasafiri lazima yaandikwe juu yake. Wakaguzi husoma majina hayo.

Saa zote mtakazoona ni za mtindo wa Ulaya: 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Wakati wa kiangazi huko wako nyuma ya Nairobi na Dar kwa saa moja. Wakati wa baridi, saa mbili.

Ndani ya meli

Njiani kuna mabwawa 11 ya umeme, kila moja likiwa na chemba ya kushushia meli. Meli huingia, lango la nyuma hufungwa, maji hutolewa hadi yalingane na ya chini, lango la mbele hufunguliwa. Usishtuke kuamka na kukuta ukuta wa zege mbele ya dirisha. Pale Gabčíkovo, Slovakia, meli inaweza kushuka karibu mita 20, nayo inastahili kupandiwa juu kuangalia. Penye madaraja ya chini sitaha ya juu hufungwa, viti na vivuli vikalazwa, hata chumba cha nahodha kikateremshwa.

Gatini, meli hufungwa ubavu kwa ubavu, mbili au tatu. Unaweza kufungua pazia ukatazamana na jirani aliyevaa taulo, na kwenda mjini utapita ukumbi wa meli nyingine. Kwa mzee mwenye shida ya magoti hizo ni ngazi za ziada. Ulizeni mapokezi usiku uliotangulia.

Chakula: wasiokula nguruwe waiandikie kampuni wiki kadhaa kabla, kisha wamkumbushe mkuu wa ukumbi siku ya kwanza. Nyama ya halali haipatikani kwenye meli nyingi, ila samaki na mboga zipo. Mkila mjini, Schwein ni nguruwe, Speck pia ni nguruwe, Rind ni ng'ombe, Huhn ni kuku. Wiener Schnitzel halisi ni ya ndama, lakini migahawa ya bei nafuu huipika kwa nguruwe, hivyo someni maneno yanayofuata jina. Mwezi Juni jua huzama karibu saa tatu usiku, na usiku huwa mfupi, hivyo mwenye kuswali ajue Isha na Alfajiri zinakaribiana. Vienna kuna msikiti mkubwa wa Kituo cha Kiislamu, karibu na kituo cha treni cha Neue Donau kwenye njia ya U6.

Nchi kavu

Kati ya Melk na Krems, kilomita 36 hivi, ndipo Wachau. Abasia ya Melk iko juu ya mji tangu 1089. Panda kwa basi, shuka kwa miguu. Meli ikitelemka, Dürnstein na mnara wake wa buluu huja upande wa kushoto, na juu yake ni magofu ya ngome alimofungwa Mfalme Richard wa Uingereza mwaka 1192. Wenye nguvu wanaweza kukodi baiskeli Melk na kuikuta meli Krems. Njia ni tambarare. Hakikisheni tu kwamba meli inatia nanga Krems siku hiyo.

Vienna meli nyingi hufunga karibu na daraja la Reichsbrücke. Kituo cha Vorgartenstraße, cha treni ya mjini ya U1, kiko jirani, na vituo vinne baadaye mko Stephansplatz, katikati ya mji. Tiketi ya karatasi igongwe mhuri kwenye mashine kabla ya kupanda. Hapa msing'ang'anie kutembea wote: wa makasri waende Schönbrunn, wa muziki wapange foleni ya tiketi za kusimama pale Staatsoper, jumba la opera, wa maduka wajiendee. Pangeni wakati mmoja wa kukutana, dakika tisini kabla ya meli kuondoka.

Kabla ya kushuka kila mmoja apige picha namba ya gati na karatasi ya programu ya siku, yenye simu ya meli. Mara nyingine meli huhamia gati lingine mkiwa mjini. Awe pia na kadi ya meli na picha ya pasipoti, kwa sababu mapokezi mara nyingi huzishika pasipoti. Aliyeachwa Vienna asilie: treni ya Bratislava huchukua kama saa moja, ya Budapest chini ya saa tatu.

Bratislava ni ya nusu siku, gati liko mlangoni mwa mji wa kale.

Mkiingia Budapest kutoka juu, kaeni upande wa kushoto wa sitaha kwa ajili ya Bunge. Kasri la Buda liko kulia. Ziara ya ndani ya Bunge huuzwa kwa saa maalumu na hujaa, nunueni wiki kadhaa kabla. Tramu namba 2 hupita kando ya mto upande wa Pest, karibu na gati nyingi.

Siku ya mwisho vyumba huachwa mapema, kwa kawaida kufikia saa tatu asubuhi, na mabegi huwekwa nje ya mlango kabla ya hapo. Lipeni bili ya vyumba usiku uliotangulia, maana asubuhi foleni ni ndefu. Basi la 100E huenda uwanja wa ndege kutoka Deák Ferenc tér. Lina tiketi yake, na tiketi za kawaida za mji hazikubaliwi humo.