SOMO: Kununua gari kuukuu kwenye mnada wa yadi bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Jamani nimechoka. Kila wiki mtu ananiandikia "mkubwa ule mnada wa Land Rover ni lini" ama "ukinunua pale logibuku (kitabu cha umiliki wa gari) inatokaje", namjibu huyu, kesho yuko mwingine na swali lile lile. Sasa naandika mara moja tu, ukiniuliza tena nitakutumia hii. Niko Nakuru, minada naifuata hapa, Eldoret, Kisumu na mara moja moja Kakamega, na ninachopenda mimi ni vyuma vya zamani: Land Rover Series III, Bedford, pikapu ya Peugeot 504, Land Cruiser za kabla namba za KAA hazijaanza 1989. Kama unatafuta Vitz ya kwendea kazi soma tu hatua ya 4 na ya 6 halafu uende ukalale.

1. Tafuta tangazo. Kurasa za minada kwenye magazeti ya kila siku, Gazeti Rasmi la Serikali linalotoka Ijumaa, tovuti za kaunti. Basi.

2. Jua anayeuza ni nani. Watu wanaruka hapa kwa sababu wanaona gari ni gari. Mali ya mkopo uliokwama inauzwa na dalali kwa niaba ya benki, na hiyo karatasi zake kwa kawaida ziko sawa. Mabaki ya ajali yanatoka kwa kampuni za bima, mara nyingi kwa zabuni ya bahasha. Magari ya serikali na kaunti yaliyopigwa bodi, yaani yaliyotangazwa chakavu, yanauzwa chini ya sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya 2015, na ukinunua yenye namba ya GK, ile ya serikali, ujue lazima ipewe namba ya kiraia kabla hujaota kuitembeza barabarani. Halafu kuna zile zilizoachwa gereji ama kituo cha polisi mpaka nyasi zikapita kwenye dirisha, hizo zinauzwa kwa sheria ya mali isiyochukuliwa, Sura ya 38, na mwenyewe lazima awe ametangaziwa kwanza. Nakala ya hilo tangazo itafute na uiweke, utaihitaji. Mali ya forodha ya KRA, wale wa kodi, ni mambo mengine kabisa, siiongelei hapa.

3. Nenda ukaone. Siku za kutazama zimeandikwa kwenye tangazo. Beba tochi, brashi ya waya, chaki, kitambaa, na fundi asiyependa kuongea.

4. NAMBA YA CHESISI. Soma hii polepole, ukichoka pumzika urudi.

Kwenye mnada wa yadi wewe hununui gari, unanunua namba. Gari bila namba safi ni spea tu, na spea zina bei yake. Kabla ya siku ya mnada fanya sachi (utafutaji wa rekodi) ya gari kwenye akaunti yako ya NTSA, wale wanaosajili magari, ndani ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ni shilingi 550, pesa ya chakula cha mchana hotelini. Itakuambia mwenye gari kwa rekodi, namba ya chesisi, namba ya injini, na kama kuna benki imeshikilia. Chapisha hiyo karatasi uende nayo yadi. Sasa sikia: usisome namba kwenye kile kibati cha ndani ya kabini halafu ukatosheka. Mimi niliungua hapo na lori la Bedford. Kibati kilikubaliana na karatasi herufi kwa herufi, nikalipa, kumbe kabini ilikuwa imetolewa kwa lori lingine ikafungwa juu ya fremu isiyo yake, na fremu yenyewe namba ilikuwa imelimwa na grainda. Hilo lori halijawahi kuwa langu kwa karatasi, lilikuwa langu kwa vyuma tu.

Kwa hivyo lala chini. Ndio, chini kwenye hilo tope. Kwenye Land Rover za Series namba imegongwa kwenye chuma chenyewe cha chesisi, mbele upande wa kulia, pale springi inapofungwa. Malori mengi ya Kijapani na Land Cruiser angalia fremu ya kulia karibu na gurudumu la mbele. Sugua kwa brashi ya waya taratibu, futa na kitambaa chenye mafuta taa, pitisha chaki juu kisha ufute, herufi zitabaki nyeupe. Angalia kama zimepangana mstari mmoja, kama kuna welding karibu, kama chuma hapo ni chembamba kuliko pembeni yake.

ONYO: namba ikiwa imelimwa, imegongwa upya ama kipande cha chesisi kimechomelewa, ondoka. Usiniambie fundi wako anajua mtu. Kubadilisha namba ni kosa la jinai na atakayepatikana nayo ni wewe, si aliyekuuzia.

ONYO lingine: injini kutolingana si mwisho wa dunia, nusu ya Land Rover za huku zina injini ya Isuzu ama ya Toyota, lakini itabidi ubadilishe maelezo NTSA na gari likaguliwe. Weka hiyo gharama kwa hesabu.

ONYO la tatu: gari la zamani sana usipolipata kwenye sachi haimaanishi ni la wizi, mengine rekodi zake za makaratasi hazikuwahi kuingizwa kwenye mtambo. Ila huyo ni muuzaji wa kukuonyesha logibuku ya asili mkononi kabla hujainua mkono. Asipokuwa nayo, mwache.

5. Bei yako iandike nyumbani. Chukua bei ya gari hilo likiwa linatembea, toa injini, toa tairi, toa kuvutwa, toa karatasi, toa fundi halafu toa fundi tena. Kinachobaki ndicho kikomo. Angalia tangazo kama bei ina VAT ndani ama nje, asilimia 16 si mchezo ukiwa umeshapigiwa nyundo. Kwenye yadi utakuta jamaa wawili watatu wanapandisha bei na hawana hata nauli ya kurudi Free Area hapa Nakuru. Waachie.

6. Malipo. Dipoziti ya kuingilia, kisha nyundo ikianguka kwa kawaida asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku zilizoandikwa. Lipa kwenye akaunti iliyo kwenye tangazo, si kwa M-Pesa ya "kijana wa ofisi". Ukichelewa dipoziti inaenda, na ukichelewa kuondoa gari unalipa kulaza kwa siku. Dai risiti, cheti cha mauzo na nakala ya tangazo la mnada papo hapo, kesho yake simu haishikwi.

7. Kuondoa. Lobedi, lile trela la kubebea magari. Kama utaburuta lori magurudumu ya nyuma yakiwa chini, fungua propela shafti kwanza, gia boksi haipati oili injini ikiwa imezimwa na utafika nyumbani na gia boksi iliyosagika. Na kutoka Eldoret kuja Nakuru usithubutu kuvuta kwa kamba, kutoka Timboroa mpaka Salgaa ni ule mteremko wa ajali, mnajua wenyewe.

8. Uhamisho wa umiliki. Muuzaji anaanzisha kwenye akaunti yake ya NTSA, wewe unakubali kwenye yako, PIN ya KRA iwe hai. Msukume muuzaji wiki hiyo hiyo.

Maswali wekeni hapa chini.

—

Mtu wa Section 58: Land Rover inaenda pesa ngapi?

Mwenye somo: Hatua ya 5.

Mtu wa Section 58: Si unipe tu makadirio bro

Mwenye somo: Land Rover ipi, ya mwaka gani, ina chesisi ama imeoza, ina karatasi ama haina? Hujaandika hata moja. Hatua ya 5.

Nyar Ahero: Asante kwa somo. Swali langu ni la kutu. Huku kwetu karibu na ziwa na mashamba ya mpunga chuma hakikai, kuna Land Rover moja Kisumu bodi inang'aa kabisa lakini nimepiga chesisi kwa nyundo ikatoa sauti ya debe. Inawezekanaje bodi iwe nzuri hivyo na chini kumeoza?

Mwenye somo: Dada hili ndilo swali nimengoja. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, haishiki kutu ile ya kawaida, chesisi ni chuma cha boksi kilicho wazi ndani. Tope na maji yanaingia yanakaa humo, kinaoza kutoka ndani kuja nje, ukiona tundu kwa nje ujue ndani kulikwisha zamani. Ulivyopiga nyundo ndivyo inavyotakiwa. Piga zaidi kipande cha nyuma kabisa kile kinachoshika bampa na ndoano, na zile pembe zinazoshika bodi. Ikilia ngii ni nzima, ikilia debe ama nyundo ikizama ni ya kuchomelea. Kuchomelea pembe na kipande cha nyuma kunafanyika na juakali wazuri wapo Kisumu, lakini ile sehemu ya mbele yenye namba ikiwa imeoza usiinunue hata ukipewa nusu bei, kwa sababu ukikata hapo umekata namba.

Nyar Ahero: Mbele ilikuwa ngii 😀 nyuma ndio debe.

Mwenye somo: Basi fanya sachi leo usiku.

Kaptembwo Motors: Wewe unajifanya mwalimu na kila mnada tunakuona na madalali mnaongea vizuri sana. Sema ukweli ni broka.

Mwenye somo: Madalali nawajua kwa sababu nimenunua magari kwao miaka. Sijauliza mtu hapa hata shilingi, sijaweka namba ya simu, sijasema niletee mteja. Kama hatua fulani ni ya uongo ionyeshe, niirekebishe. Kama huna, pita.

Dereva wa Kaunti: Mimi nimeajiriwa kaunti, kuna Land Cruiser nimeiendesha mwenyewe na sasa imepigwa bodi. Najua kila ugonjwa wake. Naweza kuingia zabuni?

Mwenye somo: Pole, wewe ndiye ungeitunza. Ile sheria ya 2015 inazuia taasisi ya umma kuuzia mali chakavu wafanyakazi wake, isipokuwa pale kanuni zinaporuhusu. Uliza ofisi ya ununuzi kwa maandishi kabla ya kutoa dipoziti, wakupe jibu kwa maandishi pia. Na usitumie jina la shemeji, hiyo hadithi ikilipuka inalipuka na kazi yako.

Mzee wa Njoro: Kwa nini usilete tu Land Rover ya zamani kutoka Uingereza, huko ziko nyingi na hazina shida hizi za namba?

Mwenye somo: Mzee shikamoo. Sheria ya KEBS, shirika la viwango, ile KS 1515, gari la mtumba lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Series III haiwezi kupita bandarini kama mtumba wa kawaida. Ndio maana hizi za huku zinapanda bei, zilizopo ndizo hizo hizo, na nyingi ziliunganishwa hapa hapa Thika kwenye kiwanda cha Leyland.

Mzee wa Njoro: Marahaba. Thika nakumbuka. Na 504 pia zilikuwa zinaunganishwa Kenya, mimi nilikuwa napanda ile ya abiria Nakuru Kisumu, tisa ndani na kuku mmoja.

Kijana wa Milimani: 504 inafanya nini cha ajabu lakini, mbona watu wanalia nayo

Mzee wa Njoro: Kijana, 504 ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978, barabara zikiwa matope matupu, si hizi za Naivasha za sikukuu. Usiguse.

Kijana wa Milimani: Sawa mzee nimenyamaza. Nilidhani ni Joginder Singh alikuwa anashinda zote.

Mwenye somo: Joginder, mtoto wa Kericho, alishinda 1965 na Volvo, halafu 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Hajawahi kushinda na Peugeot. Turudi kwenye minada tafadhali.

Scrap Webuye: Nikikosa karatasi si nakata tu nauza kilo?

Mwenye somo: Unamuuzia nani? Vyuma chakavu vina sheria ya 2015 na anayenunua lazima awe na leseni, na tangu serikali ilipofunga hiyo biashara Januari 2022 kisha ikafungua na masharti, watu wanaulizwa mzigo umetoka wapi. Cheti cha mauzo cha mnada bado unakihitaji hata kwa kilo.

Scrap Webuye: Kumbe. Haya.

Nyar Ahero: Nimerudi. Sachi imetoka safi, namba zinalingana mpaka za injini. Tatizo injini ni ya petroli na imekwama, puli ya mbele haizunguki. Niache?

Mwenye somo: Usiache! Iliyokwama kwa kukaa si sawa na iliyokwama kwa kuungua. Toa plagi zote nne, angalia kama kuna maji, kisha mimina kwenye kila tundu mchanganyiko wa dizeli na oili ya gia boksi ya otomatiki, kama vijiko vikubwa viwili, uiache siku kadhaa ukiongeza kidogo kila jioni. MTU ASIIVUTE IKIWA KWENYE GIA, utapinda koni rodi. Halafu Land Rover ina tundu la hendeli mbele chini ya grili, tafuta hendeli, jaribu mbele kidogo, nyuma kidogo, usilazimishe. Ikiachia, zungusha plagi zikiwa nje mpaka mchuzi wote utoke, badilisha oili, toa petroli ya zamani yote kwenye tangi. Na siku ya kuiwasha kwa hendeli shika kidole gumba upande mmoja na vile vingine, usikizungushe kwenye chuma. Ikirudi nyuma inavunja.