Jinsi ya kuisoma taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya Tanzania ya mwaka 1982 imeupa mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18, mamlaka ya juu kuliko halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25. Mkutano huo huitishwa kila baada ya miezi mitatu na humo taarifa ya fedha husomwa, mara nyingi upesi na jua likiwa kali.

Siku chache kabla, nenda ofisi ya mtendaji uombe muhtasari wa mkutano uliopita, kisha unakili salio la mwisho. Salio hilo ndilo linalopaswa kuanza robo mpya. Likiwa pungufu, usiulize jambo jingine kabla halijaelezwa.

Kwenye mapato, fuata vyanzo kimoja kimoja kuliko kuitazama jumla. Kama mnada hufanyika kila mwezi na ushuru ulioandikwa ni wa miezi miwili, omba vitabu vya stakabadhi vya mwezi uliokosekana.

Matumizi ndiyo yanayohitaji subira. Mstari unaosema “matengenezo ya pampu” hautoshi bila hati ya malipo, stakabadhi ya duka na muhtasari wa kikao kilichoidhinisha. Kijijini kwetu pampu ililala miezi minne, kina mama wakifuata maji mtoni, ilhali taarifa ilionyesha kwamba vipuri vilinunuliwa mara mbili. Mama mmoja aliuliza vile vya zamani vilivyotolewa vimewekwa wapi. Tulipokwenda kutazama, nati za pampu zilikuwa bado na rangi ya kiwandani. Hazijawahi kuguswa na spana. (Tangu sheria ya maji ya mwaka 2019, huduma hiyo vijijini iko chini ya vyombo vya watumia maji vinavyosimamiwa na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, kwa hiyo dai taarifa ya vyombo hivyo kando.)

Jihadhari na “mengineyo”, kipengele cha mwisho cha ajenda ya mkutano. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, lakini ombi la mwekezaji huweza kuchomekwa mwishoni, watu wakiwa wameanza kuondoka. Simama, useme, “Ndugu Mwenyekiti, naomba suala hili liwe ajenda kamili ya mkutano ujao,” na usiketi mpaka uone mtendaji ameliandika.