Usimwage dawa shinani kabla hujamjua mchwa wa mkarafuu wako

Mkulima mmoja wa Mtambwe, Pemba, alinionesha mkarafuu wake unaokauka tawi moja moja. Alikuwa ameshamwaga dawa shinani mara mbili, na pesa zimekwenda bure. Nikaangalia juu: kigutu cha tawi lililokatika zamani kilikuwa na tundu dogo, na chini yake kumerundikana kitu kama unga. Nikaukinga kiganjani. Zilikuwa chembe ngumu, ndogo kama mbegu za mchicha, kila moja ina pande sita. Hayo ni mavi ya mchwa wa mti mkavu. Huyu haishi ardhini, anaishi ndani ya mti wenyewe, kwa hiyo dawa ya shinani haimfikii.

Tumbo la mchwa huyu limejaa protozoa, viumbe vya seli moja visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyoivunja selulozi, yaani kile kinachojenga nyuzi za mti, ikawa chakula chake. Miaka ya 1920 huko Marekani, mtaalamu L. R. Cleveland aliviua viumbe hivyo bila kumuua mchwa. Mchwa akaendelea kutafuna mti kama kawaida, kisha akafa kwa njaa. Na kila anapojivua ngozi huvipoteza, ikambidi avipate upya kwa kulamba majimaji yanayotoka nyuma kwa wenzake. Ndiyo maana utawakuta wamekusanyika pamoja ndani ya tawi. Likate tawi hilo mpaka ufike penye mti mzima, ulichome.

Mchwa wa vichuguu ni habari nyengine. Hao hawana protozoa. Wana bakteria tumboni, na kuvu wanayoilima wenyewe ndani ya kichuguu juu ya masega laini ya mti uliotafunwa. Ukivunja vijia vyao vya udongo kwenye shina, watavijenga tena. Chimba mpaka umpate malkia, na uyatoe masega yote. Matandazo nayo yasiguse shina.

Ninalowasihi zaidi ni majeraha wakati wa kuchuma. Tawi la mkarafuu ni jepesi kukatika, na likivutwa kwa pupa hubaki kigutu kilichopasuka. Kumbikumbi wa mti mkavu huingilia hapo. Likikatika, chukua msumeno siku hiyohiyo, ukate karibu na shina bila kuacha kigutu, na kipande ukitoe nje ya shamba.